Soksi Fupi Haimo Kwenye Kikapu cha Mama

Leo ni tarehe 28 Novemba, siku ambayo mhudumu wa maabara yetu, tunayemwita Mama Soksi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Nimepewa ukurasa huu wa jarida la shule nimuage kwa niaba ya kidato cha tatu, nami naahidi kusema yote, hata yale ambayo nyumbani husemwa mlango ukiwa umefungwa.

Alianza kwa kuosha chupa. Walimu wa baiolojia walikuja wakahama, yeye akabaki na vikapu vyake viwili vya kutuonyesha jinsi mtoto anavyokuwa wa kike au wa kiume. Cha mama kina soksi ndefu tupu, ndizo kromosomu X. Cha baba kina ndefu na fupi, nusu kwa nusu. Fupi ndiyo Y. Unafumba macho, unachomoa moja kila kikapu, unazianika kambani. Ndefu mbili, kwa kawaida ni msichana. Ndefu na fupi ni mvulana, kwani ile fupi, japo ndogo, hubeba agizo la kuujenga mwili wa kiume. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba maabara yetu inatumika kufulia nguo. Mama Soksi aliibandika ripoti hiyo ukutani.

Siku ya wazazi alikuja bibi, mzaa baba, pamoja na baba mwenyewe. Nyumbani tuko wasichana sita bila mvulana, na bibi humlaumu mama. Bibi alichomoa kwenye kikapu cha mama mara sita, zote ndefu. Akaanza kukipekua.

“Wewe mwanangu, ile fupi umeificha wapi?” alimuuliza Mama Soksi.

“Sijaificha, mama. Humo haijawahi kuwamo. Muulize mwanao, yeye ndiye mwenye nazo.”

Baba akatazama dirishani kana kwamba kuna mtu anamwita. Bibi akahamia kikapu cha baba: ndefu, ndefu, ndefu.

“Hiki hakikutikiswa!”

“Kila mara ni bahati mpya, mama. Wa saba hawajui waliomtangulia.”

Huyo wa saba anazaliwa mwezi ujao. Bibi ameitisha kikao cha ukoo Jumapili: akiwa msichana, baba aoe mke wa pili. Nilipoeleza habari za X na Y, niliambiwa mtoto hafundishi wakubwa.

Mama Soksi, asante kwa kila swali letu ambalo hukulicheka. Tunakuombea afya njema na asubuhi zisizo na kengele. Ila naomba jibu leo, kabla geti halijafungwa: je, utakuja kwetu Jumapili saa nne, ukaketi upande wa mama yangu?