Sharubati, Aliyekataa Kupima Pampu za Moyo kwa Maji

Marehemu, ambaye nyumbani na kazini tulimwita Sharubati, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba, akiwa kitinda mimba. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Aliifungua redio ya mama, akairudishia, ikaimba, ila skrubu mbili zikabaki mezani. Mama alimtania nazo mpaka mama mwenyewe anaingia kaburini.

Alisoma shule ya msingi na sekondari karibu na nyumbani, na mwaka 1993 akahitimu chuo cha ufundi. Mwaka 1998 aliajiriwa na kiwanda cha pampu zinazowekwa kifuani kusukuma damu, moyo ukichoka. Yeye alizijaribu kabla hazijamfikia mgonjwa. Karakana haikutumia damu ya mtu, kwa hiyo alichanganya maji na gliserini mpaka yawe mazito kama damu, akatia rangi nyekundu ili panapovuja paonekane. Dada yake mkubwa alimtembelea, akakuta jagi mezani, akajimiminia glasi.

"Dada, tema! Hiyo ni damu ya pampu!"

"Damu gani tamu hivi?"

Jina la Sharubati likaanzia hapo.

Tarehe 14 Agosti 1999 alifunga ndoa na muuguzi mcheshi kuliko yeye, Mungu akawajalia mabinti wawili.

Mwaka 2016 meneja alichoka kusubiri mabomba ya gliserini yaoshwe. Akaagiza pampu zijaribiwe kwa maji matupu.

"Maji mepesi, bosi. Kila pampu itafaulu."

"Si ndicho tunachotaka?"

Watu wakacheka. Sharubati alikataa kutia sahihi, akatupwa stoo. Mungu atusamehe hasira hii, lakini hatutaifunika kwa maua.

Moyo wake ulipougua, Februari mwaka jana aliwekewa pampu ya kiwanda kilekile, maana hospitali haikuwa na nyingine. Siku moja aliushika mkono wa mkewe, akauweka kifuani pake.

"Mama watoto, sikia inavyohangaika. Hii haijawahi kuonja kitu kizito."

Mwenzake wa karakana alipokuja kumjulia hali, Sharubati alimwuliza kama pampu yake ilijaribiwa kwa maji. Yule bwana akainamisha kichwa.

"Zote tangu uondoke, kaka. Maji."

"Basi waliowekewa waambiwe. Mimi nimeshajua, wao je?"

Mkewe alikwenda kiwandani kwa miguu yake kulisema hilo. Alikalishwa mapokezi mpaka wafagiaji wakamaliza kazi. Tarehe 3 Juni mwaka huu, saa nane mchana, pampu ilisimama. Jibu la kiwanda limefika leo asubuhi: shada kubwa la maua. Tumeliacha getini.

Sharubati ameacha mjane, mabinti wawili, dada wawili, na watu wanaotembea na pampu kama yake vifuani, ambao hatuwajui na hakuna aliyewaambia.

Ee Mungu, mpumzishe ndugu yetu. Meneja usimpe usingizi mpaka awaambie.