Miaka Ishirini na Tisa ya Kengele ya Mwalimu Chinguile

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mwalimu Valerian Chinguile anastaafu katika Shule ya Sekondari Nanyanje, hapa Mingoyo. Alikuja mwaka 1996 kufundisha Jiografia. Mwezi wake wa pili tu akakabidhiwa nidhamu, pamoja na rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inia kwenye boriti ya stoo, ndiyo kengele yetu. Jiografia aliifundisha vizuri. Rimu aliipenda.

Mwaka 2019 mkuu wetu wa shule, Mwalimu Dativa, alituletea mfumo wa Montessori. Vijana wa vidato vyote wangefanya kazi pamoja, wakilima shamba la shule wenyewe, kila mmoja akijichagulia kazi na kukaa nayo kwa muda wa saa tatu mfululizo bila kukatizwa. Mwalimu angetazama tu na kusaidia akiitwa. Mwalimu Chinguile aliuliza, kwa heshima zote, kama na mvua za Lindi zitaachiwa zijichagulie msimu. Mfumo ukaanza hivyo hivyo, akasusa. Aliweka kiti mlangoni pa stoo, akakunja mikono, na asubuhi nzima hakumsemesha mtu.

Wiki ya tatu ya kususa kwake wakaja wageni kutoka Dar es Salaam kukagua mfumo. Waliandika kwamba Nanyanje kuna mwalimu mmoja tu aliyeuelewa kikamilifu, yule aliyekaa mlangoni bila kuingilia kazi ya vijana. Cheti chake kipo ofisini hadi leo. Sisi tuliohudhuria semina zote hatukupewa kitu.

Kengele alibakiziwa mara moja kwa siku, kufunga kazi za shamba. Ndipo mwaka 2022 shule ikaanza kupokea wanafunzi wenye ulemavu. Mwalimu Chinguile hakuhudhuria kikao cha kuwatambulisha, kwa kuwa vikao alishavisusa pia, lakini alisikia kwamba Kidato cha Kwanza kimepata mwanafunzi asiyesikia. Akaiandikia barua kamati ya shule: mwanafunzi huyo, ambaye jina hakulijua, ahamishwe, maana asiyesikia kengele hawezi kufuata ratiba. Niseme kweli, sahihi ya pili kwenye barua ile ni yangu. Mimi binti huyo nilimjua kwa jina na kwa sura. Nilisaini kwa sababu gari la kunirudisha nyumbani Mtanda lilikuwa linapiga honi, na kwa sababu ilikuwa rahisi.

Wakati barua inasubiri kikao, Mwalimu alikuwa amepata mwanafunzi wa kujivunia. Kila siku rimu ilipogongwa, binti mmoja kutoka Miteja alikuwa ameshaosha jembe na kusimama mstarini, wenzake wakiwa bado matutani. Paredi ya Ijumaa akamwita mbele ya shule nzima. "Mwigeni huyu!" akatangaza. "Huyu ndiye mwenye masikio!" Binti aliona anachekewa, naye akacheka. Shule nzima tukatazamana, maana kila mtu isipokuwa Mwalimu alimjua binti yule. Wiki ile ile Mwalimu akaandika kwenye ripoti yake ya muhula: "Mwanasha husikia kengele kabla ya wenzake wote."

Kamati ilipokaa, sisi wawili wenye sahihi tukiwa tumeitwa, Mwalimu Dativa alisoma barua, kisha, bila kubadili sauti, akasoma ripoti. Halafu akamwingiza Mwanasha. Mwenyekiti, Bwana Husain Pyarali mwenye duka Lindi mjini, akamwandikia swali ubaoni: kengele unaijuaje? Binti akaandika chini yake: "Mwalimu akitaka kugonga, husimama, huvuta suruali mara mbili, ndipo huenda."

Kamati ilicheka hadi miwani ya Bwana Husain ikaanguka. Mwalimu Chinguile hakucheka. Alikwenda mezani, akaichukua barua yake, akaikunja na kuitia mfukoni. "Huyu mtoto kanitazama muhula mzima," alisema, "mimi sijamwona hata siku moja." Mwanasha alibaki Nanyanje. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Tangu hapo Mwalimu amejifunza lugha ya alama, mwalimu wake akiwa Mwanasha, anayedai kwamba hata mikono ya mzee huyu ina lafudhi ya Kimakonde. Mwanafunzi Brighton alipokuja na kiti chake cha magurudumu, njia ya mteremko ya kuingilia stoo aliimwagia saruji Mwalimu mwenyewe. Wenye ulemavu sasa ni kumi na mmoja. Rimu yenyewe ilishakatika waya tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeirudisha, kwa maana haikuhitajika tena. Shule nzima imejifunza kumtazama Mwalimu kama Mwanasha alivyofanya. Mwalimu pekee ndiye anayedhani kwamba vijana wa siku hizi wameanza kujua saa.

Asante, Mwalimu, kwa nidhamu, kwa saruji, na kwa barua uliyoikunja kwa niaba yetu wawili. Uende shambani kwako ukaishi vyema, mihogo yako ikuitikie. Tuna ombi moja tu kwa siku ya sherehe: hotuba zikikuchosha, vumilia, usisimame. Ukisimama na kuvuta suruali mara mbili, wanafunzi wote mia na arobaini watainuka nawe, Mwanasha akiwa wa kwanza, na sisi bado hatujawa tayari muda wako uishe.