Vedasto Luhende na Ndege Asiyekuwa Kuku Wala Kanga

Wazazi, ndugu, wageni mliotoka Igunga, Kigwa na mjini, na ninyi mliokosa viti mkapanda juu ya ukuta wa jirani, familia inaomba utulivu, maana maisha ya mtu huyu tukiyasoma yote jua litazama tukiwa bado kwenye ubatizo, kwa hiyo tumeyapunguza.

Kaka yetu Vedasto Marko Luhende alizaliwa Kigwa tarehe 14 Mei 1952, mtoto wa kwanza wa Mzee Marko Luhende na Mama Josepha, na siku hiyo treni ya abiria ilisimama stesheni bila kuitwa, dereva mwenyewe hakujua kwa nini. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, mwaka 1964, akaacha, siyo kwa kushindwa, ila walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha, na mwaka 1970 akaajiriwa reli, kibarua wa njia, akawa anabeba taruma la chuma, lile la kulalia reli, peke yake begani wakati wenzake wanalibeba wanne na bado wanalalamika.

Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka Tabora mjini, na huko Isevya, mwaka 1974, akamwona Mwamvita binti Nassibu akiuza maandazi barazani kwao. Sasa ukoo wa Mzee Nassibu uliingia Tabora na misafara ya zamani kutoka Manyema, Waislamu, watu wa mjini, na sisi Wanyamwezi Wakatoliki wa shamba, kwa hiyo pande zote mbili zikakataa, na baba yetu akatoa neno ambalo Mzee Nassibu alipolisikia alilipenda, "Wewe kuku, yule kanga, mtazaa nini nyie?"

Mwingine angelia, Vedasto akaona hilo ni swali, akaenda kutafuta jibu. Akaokota mayai ya kanga porini, akamwekea kuku anayeatamia, kikabaki kifaranga kimoja jike, kikakua katikati ya kuku kikijiona kuku, kilipokomaa akakifungia banda moja na jogoo wake mwekundu, jogoo ambaye mbwa wa mtaa walimpisha njia. Mayai karibu yote yakawa viza, lakini Februari 1975 moja likapasuka, akatoka ndege ambaye kutoka Tabora mpaka Kigoma hajapata kuonekana, hana upanga wa jogoo wala pembe ya kanga, madoa yake yamefifia, shingo kama ya tai, na sauti yake, jamani, watu wa Nzega waliisikia.

Ndege alipokua, Vedasto akamtia kwenye tenga, akaenda naye Isevya kuposa, washenga nyuma yake, akamtua mbele ya mzee, "Shikamoo baba, mlisema haiwezekani, huyu hapa." Mzee Nassibu akamzunguka yule ndege, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasema, "Marahaba. Sasa na yeye azae, nikupe binti." Vedasto akakubali mbele ya watu, na hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, kwa sababu yule ndege alipewa kuku, akapewa kanga, akawapanda wote bila ubaguzi, na mayai yakatoka viza msimu mzima, mpaka vijana wa Isevya wakimwona wanapaza sauti, "Shemeji Viza, habari za banda?"

Bwana mifugo Wilbroad ndiye aliyemweleza, kwamba kuku na kanga zamani sana walikuwa ukoo mmoja, wakatengana, kanga akabaki mapori yetu haya, kuku akakulia misitu ya ng'ambo ya bahari, kila mmoja akabadilika kivyake, kidogo kidogo, miaka isiyohesabika, na siku kuku alipoletwa huku na wasafiri, wakakutana kama wageni, wanaweza kupandana, anaweza hata kutoka mmoja, lakini damu zao hazisomani tena, na yule mtoto wao hana mbegu.

Basi Vedasto, ambaye hakuwahi kushindwa kitu kabla wala baada, akarudi Isevya kusema ameshindwa, na kabla hajamaliza Mwamvita akasema kutoka ndani, "Baba, babu yako alikuja na msafara kutoka Manyema, bibi yako alikuwa Mnyamwezi wa Kwihara, na wewe umetuzaa sisi tisa. Wewe ni viza?" Wanawake wakapiga vigelegele, Mzee Nassibu akasema, "Mchukueni, mdomo huu siuwezi." Wakafunga ndoa bomani tarehe 7 Agosti 1976, kila mtu na dini yake, mpaka juzi.

Benedikta akazaliwa mwaka 1977, mzuri kupita watoto wote wa mkoa, na baba yetu akampakata, akamtazama, akasema, "Hata yule ndege alitotolewa. Mimi nasubiri huyu naye azae." Watoto wakafika saba, na kwa kila mmoja mzee akarudia neno lile lile, Vedasto anacheka mbele ya watu, kisha anaenda kukaa bandani peke yake, sisi wadogo zake tunajua lilivyomuuma.

Tarehe 3 Juni 1999 Benedikta akajifungua mapacha mjini, Vedasto hakungoja treni, alikimbia kwa miguu mpaka Kigwa na treni ikamkuta ameshafika, akaingia kwa baba yetu, ambaye macho yalikuwa yameshaanza kuzima, akasema, "Baba, amezaa. Wawili." Mzee akasema, "Aa, basi ni ukoo mmoja. Nileteeni niwashike."

Alistaafu reli mwaka 2007, akahamia hapa Ntalikwa kufuga kuku, akaanza kuugua moyo mwaka 2023, moyo mkubwa, daktari mwenyewe alikiri, na tarehe 11 Machi 2025 asubuhi akafariki akiwa na miaka sabini na miwili, mkono wake mkononi mwa Mwamvita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ntalikwa mliochimba kaburi na kutulisha, wenzake wa reli, na padri na shehe mliokaa benchi moja. Sasa kabla jeneza halijainuliwa, familia inaomba wote waliotokana na Vedasto na Mwamvita wasimame, watoto, wajukuu, vitukuu, na wewe Julieth binti Benedikta na hilo tumbo lako, simama taratibu. Mlio nyuma mnasema hamlioni jeneza, ni kweli, hawa waliosimama wamelifunika kabisa. Haya kaka, pumzika sasa, kwa amani yote.