Mukonyo, Aliyekataa Nzioka Aambiwe "Amesafiri"

Debra Mukonyo Ndambuki alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 huko Mbooni, kifungua mimba wa marehemu Ndambuki na marehemu Ndanu. Mdogo wake Nzioka alipozaliwa na ulemavu wa akili, majirani walileta pole. Mukonyo, msichana wa miaka sita, aliwauliza pole ya nini na mtoto mwenyewe anacheka.

Alisoma Mbooni, akafuzu uuguzi Nairobi mwaka wa 1989, na kuanzia hapo akashikwa na swali ambalo halikumwachilia: "Utafiti unasemaje?" Aliwauliza madaktari, wachinjaji wa Dagoretti, hata mchungaji katikati ya mahubiri. Kuria, kijana wa Waithaka, alipomwambia atampenda milele, aliombwa ushahidi. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, na Kuria alikuwa akiuleta ushahidi huo mpaka juzi.

Mwaka wa 2001 alianzisha hapa Waithaka kituo cha kuwatunza watu wazima wenye ulemavu kama wa Nzioka.

Mama Ndanu alipofariki mwaka wa 2011, wazee waliamua, kama ilivyokuwa desturi yetu, Nzioka afichwe kwa shangazi kule Karen na aambiwe mama amesafiri. Mukonyo hakupinga. Nzioka aliporudi, aliketi langoni na kikapu, ampokee mama mizigo. Mama alipokosa kutokea, alijigonga kichwa ukutani. Akapewa dawa ya kumtuliza. Akalala, akaamka, akarudi langoni.

Ndipo Mukonyo akazama kwenye tafiti. Alikuta kwamba watu kama nduguye huomboleza kama sisi, na kufichwa huwaumiza zaidi. Waambiwe wazi, kwa maneno mafupi na picha, na wafikishwe kaburini. Akampeleka.

"Mama amekufa. Amezikwa hapa."

Nzioka aliutazama ule udongo, akaweka kikapu chini. "Basi harudi," akasema.

Hakuketi langoni tena. Tangu hapo, hakuna mtu wa kituo cha Mukonyo aliyefichwa msiba.

Februari 2025 alipatikana na saratani ya kongosho. Alimchorea Nzioka picha: kitanda, jeneza, kaburi, na Nzioka ameshika udongo. Mjomba Mbaluka alimkemea.

"Utamuua huyu kwa hofu."

"Mjomba, utafiti unasemaje?"

"Mimi nasoma Biblia."

"Haya, nionyeshe palipoandikwa adanganywe."

Mjomba angali anatafuta.

Mukonyo alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2025, asubuhi, Nzioka akiwa amemshika mkono. Ni Nzioka aliyekuja jikoni kutuambia. Mjomba akaanza kumbembeleza, "Hapana, dada amelala tu."

"Amekufa, Mjomba," Nzioka akamjibu, kisha akamvutia kiti aketi.

Amemwacha mumewe Kuria, binti yao Wamucii, Mjomba Mbaluka, watu wote wa kituo chake, na nduguye Nzioka, atakayetupa udongo wa kwanza leo. Atakayempa mkono wa pole, tafadhali, asimwambie dada amesafiri.

Pumzika kwa amani, Mukonyo. Langoni hakuna anayekungoja. Nzioka anajua uliko.