Kamene Munguti na Lango la Mzee Parsimei

Bi. Kamene Munguti anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, baada ya kuitumikia Njia ya Enkare kwa miaka ishirini na mitatu. Kwa wenzetu wapya wa ofisi ya Kitengela ambao hawajaikanyaga, hii ni safari ya miguu. Siku ya kwanza ni msitu hadi Banda la Juu, ya pili ni nyasi hadi Banda la Chini, na ya tatu wageni hushuka barabarani kungoja basi la kutoka Namanga.

Aliajiriwa kama mpishi wa Banda la Juu, wakati banda lenyewe halikuwa na mlango. Muthokoi yake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ilijulikana hadi Kiserian. Baadaye akawa msimamizi wa mabanda yote mawili, akaweka matangi ya kukinga mvua na kumlazimu kila mgeni kukung'uta viatu asubuhi, awe mwanafunzi au jaji. Hakuna aliyeng'atwa na nge.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alitokea msituni akiburuta sanduku la magurudumu. Kamene alilitazama, akauliza, "Na hii gari yako utaipaki wapi?" Kisha akambebea hadi ndani.

Kazi yake ngumu zaidi ilianza na kosa lake mwenyewe. Alikuwa ametundika vibao kwenye malango yote ya nyikani: TAFADHALI FUNGA LANGO. Lilikuwa wazo zuri, ila Mzee Parsimei, ambaye njia yetu hupita katika ardhi yake, huacha lango lake wazi wakati wa kiangazi ili ng'ombe warudi wenyewe bwawani kunywa. Katika ukame wa 2022, vijana wa kanisa fulani walipita hapo, wakasoma kibao, wakafunga lango kwa adabu zao zote. Ng'ombe walisimama kwenye waya mchana kutwa. Ndama mmoja hakuinuka tena.

Kesho yake Mzee aliwahamishia ng'ombe upande wa bwawa, akalifunga lango kwa mnyororo na kulijaza miiba. Bila upenyo huo Banda la Chini halifikiki, na bila Banda la Chini hakuna njia, wala ajira zetu. Ofisini tulizungumza habari za wakili. Kamene aling'oa kibao, akakibeba kwapani, akaenda kwa Mzee.

Mzee alikipokea, akakigeuza huku na huku. "Mama Banda, maandishi ni mazuri. Shida ni moja tu, ng'ombe wangu hawasomi."

"Basi nifundishe mimi, Mzee. Mimi nasoma."

Alikaa huko wiki nzima akitembea nyuma ya mifugo, hadi akajua ni lango lipi huachwa wazi, na majira gani. Ndama wa kulipa alitoka kwenye zizi lake mwenyewe Kitengela, kabla sisi hatujamaliza kubishana ni nani alaumiwe. Mnyororo uliondolewa. Vibao vipya vinasema: LANGO LIACHE ULIVYOLIKUTA. Tangu hapo, kila asubuhi wageni wakiwa njiani, Kamene humpigia Mzee simu kwanza.

Mwaka jana Mzee Parsimei aliwagawia wanawe ardhi, nao wakaita wapimaji. Sote tunajua mambo huishia wapi: nyua, vibao vya kuuza ploti, na njia kufa. Kamene hakuitwa kwenye kikao hicho, wala hakwenda. Wana wale waliwaambia wapimaji waache upenyo kati ya ploti, wa kutosha ng'ombe na wageni kupishana. Mpimaji alipouliza ni barabara ya nani, mkubwa wao alijibu, "Ni ya Mama Banda. Pima zingine."

Bwana Njogu, msimamizi mpya, anapokea funguo Ijumaa. Jumamosi kikundi kutoka Embulbul kitapita kwenye upenyo huo kikielekea Banda la Chini, kikidhani ulikuwapo siku zote.

Bi. Kamene, asante kwa kazi. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu.