Aliyetufundisha Kusema "Si Kweli"

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Gaudensia Lyamba, msaidizi wa kisheria wa kituo chetu hapa Mpanda, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Niliombwa niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nimejaribu, na msomaji ataona mahali nilipokwama.

Alianza mwaka 2003 akiwa na baiskeli ya kuazima na sauti isiyohitaji kipaza. Mwamkulu, Litapunga, Kasansa, kote alifundisha la kufanya unapokamatwa: usikimbie, usishindane na askari, uliza umekosa nini, omba ndugu yako apigiwe simu. Usiweke dole gumba kwenye maelezo ambayo hujasomewa ukayaelewa. Omba dhamana, nayo ni bure, na anayekudai hela ya soda msemee kwa mkuu wake. Tulimtania kwamba hata harusini angewakumbusha maharusi haki zao. Kwenye harusi ya binti yangu alikiomba kipaza, akawakumbusha kweli.

Siku moja huko Litapunga alifanya igizo. Yeye akawa hakimu, na mwenyekiti wa kijiji akawa mshtakiwa wa wizi wa mbuzi. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye heshima zake, aliitikia "ni kweli" kwa kila alichosomewa, mpaka akawa ameiba zizi zima na ng'ombe wa jirani juu yake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mama Gaudensia hakucheka. Aliona kwamba kwa malezi ya wafugaji wengi wa huku, mkubwa akisema jambo humkatalii usoni. Unaitikia kwanza, kisha unasubiri akuambie sasa eleza. Mahakamani ukishaitikia hivyo, umekiri kosa.

Kuanzia hapo somo lake likawa hilo. Aliwasimamisha wazee wenye mvi mmoja mmoja na kuwatamkisha "si kweli", nao wakitazama chini kwa aibu. Wengi walirudi makwao kwa maneno hayo mawili. Ningependa sana kuishia hapa.

Mwaka jana Ndaki Ngolo, mfugaji wa Kasansa, alikutwa na kipande cha nyama ya nyati. Mgeni aliyelala kwake ndiye aliyekuja nacho, akaondoka, na nyama ikabaki kwa mwenye nyumba. Alishtakiwa kwa kupatikana na nyara za serikali, yaani nyama ya mnyamapori bila kibali, kosa la miaka ishirini jela. Wakili wetu wa kujitolea alikuwa Sumbawanga. Mama Gaudensia akaenda mahabusu, akamfanyisha Ndaki mazoezi mpaka askari wa zamu naye akawa anaitikia "si kweli" kutoka kaunta.

Siku ya kesi, hakimu alikuwa mtu mpole. Alimwita Ndaki "mzee wangu", akamjulia hali kabla ya jambo lolote. Upole ule ndio uliommaliza. Ndaki alivua kofia, akasomewa shtaka, akasema ni kweli. Akasomewa maelezo ya kosa, akasema ni kweli yote. Alipoulizwa kama ana neno kabla ya adhabu, alishukuru, akaomba awahi nyumbani kwa sababu ng'ombe hawajanyweshwa. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusema mahakamani. Mama Gaudensia alikaa kwenye benchi akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Ndaki alipokuwa anapandishwa karandinga alimuuliza zamu yake ya kueleza ni lini.

Rufaa ilitupwa, kwa kuwa alikiri mwenyewe. Tangu wakati huo Mama Gaudensia amefundisha kwa sauti ya chini, na mara nyingine huacha sentensi katikati. Najua haya si ya kuandikwa kwenye kijarida cha sherehe. Lakini nikiyaacha nitakuwa nimemsifu mtu mwingine.

Kila Jumatatu Minza, mke wa Ndaki, hupanda gari kutoka Kasansa, akafika ofisini na kusema yale yale: "Mama, nyie si mlisema akikataa atarudi? Basi wamwite tena. Sasa hivi anajua kusema." Mama humweleza upya kwamba hataitwa tena, humpa chai, humsindikiza stendi. Wiki inayofuata Minza yuko mlangoni.

Wa kushika nafasi yake hajapatikana, na sioni dalili kwamba atapatikana. Mama Gaudensia, asante kwa jua na vumbi ulilokula kwa ajili yetu, na kwa watu ambao leo wanalima mashamba yao badala ya kuhesabu miaka. Tunakuombea mapumziko ya kweli. Ulale mchana, upalilie mihogo yako, simu uizime. Jumatatu Minza akija, chai tutampa. Stendi tutamsindikiza.