Mama Charlotte Mianda, Aliyewafundisha Wanawake wa Kilimani Kutafuta Waliofukiwa

Kapata, 14 Aprili 1976 – Kolwezi, 11 Februari 2025

Ndugu, majirani, wachungaji, na ninyi mama wa kilimani mliofunga kazi leo ili kumsindikiza mwenzenu, familia inawashukuru kwa kufika. Haya ni maisha ya marehemu kama yalivyoandikwa na mdogo wake, Mama Huguette, ambaye ndiye anayeyasoma mbele yenu.

Mama Charlotte Mianda alizaliwa tarehe 14 Aprili 1976 katika cité ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Tata Séraphin Tshimanga, fundi umeme wa kampuni ya migodi, na Mama Louise Mushiya, aliyeuza mikate sokoni. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Kasai, lakini yeye mwenyewe alikanyaga Kasai mara moja tu, kwenye kilio cha bibi yake, na akarudi akisema kwamba kule hata njia ya kwenda kisimani hakuijua. Kwao palikuwa Kapata.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kapata, kisha akaingia sekondari, sehemu ya ukataji na ushonaji. Mwaka 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilipofukuzwa Kolwezi na kuondoka kwa treni, Tata Tshimanga alifunga mizigo mara mbili na kuifungua mara mbili. Familia ikabaki, ila Charlotte alipoteza mwaka mzima wa masomo na hakupata diploma ya serikali. Hakulizungumza jambo hilo mara kwa mara. Alichukua cherehani ya mama yake, akaanza kushonea watoto wa jirani sare za shule.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa na Tata Dodo Kabemba, fundi wa magari aliyetoka Fungurume. Mungu aliwapa watoto watatu: Elisée, Rachelle na Abigaël. Tata Dodo alikuwa mtu wa maneno machache, naye Charlotte alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Karakana ilipofungwa, Tata Dodo alikwenda kuchimba pamoja na wachimbaji wengine, na tarehe 9 Mei 2011 shimo lilimwangukia. Watu zaidi ya arobaini walikuja kumchimbua kwa mikono, kwa sahani na kwa majembe. Kila mmoja alichimba pale alipodhani. Walimpata baada ya muda wa saa nane, mita moja na nusu kutoka mahali pa kwanza walipoanza, upande wa pili. Alikuwa ameshafariki.

Baada ya matanga Charlotte alizunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza wale waliokuwapo swali moja: "Nani alimuona wa mwisho? Alikuwa amesimama wapi?" Wengine walifikiri anatafuta mchawi. Hakuwa anatafuta mchawi. Alikuwa ameona kwamba watu arobaini wenye nguvu walikuwa pale na hakuna aliyeuliza swali hilo kabla ya kuchimba.

Kushona hakukutosha kulisha watoto watatu. Mwaka 2012 alianza kuosha mawe ya madini chini ya kilima cha udongo uliotupwa na kampuni zamani, pale wote tunapoita remblai. Wachimbaji hukata ubavu wa kilima kwa juu, wanawake huosha chini, na mvua ikinyesha kilima hushuka. Hakuna anayefanya kazi pale asiyejua hilo.

Wakati huo alikuwa akishona mapazia ya shule moja ya ufundi mjini, na huko alikutana na Frère Anselme, mtawa na mwalimu wa mekanika, mzee kutoka nchi ya milima ya Ulaya. Katika ujana wake Frère Anselme alikuwa mwokoaji. Alimweleza Charlotte kwamba kwao, wakati wa baridi, watu hupita milimani juu ya mbao ndefu zinazoteleza, na mara nyingine theluji yote ya mlima huteremka na kuwafunika. Alimwonyesha fimbo yake ya zamani ya kutafutia watu, iliyokunjwa vipande vipande ndani ya mfuko mwekundu. Charlotte hakuwahi kuona theluji. Aliuliza, "Na mutu chini yake anapumua mupaka wakati gani?"

Frère Anselme alimwambia kwamba wanaotolewa ndani ya robo saa wengi hupona, na baada ya nusu saa hubaki wachache. "Lakini udongo ni muzito kuliko theluji, mama. Hapa muko na dakika kidogo kuliko kwetu."

Kwa mwaka mzima alikwenda kwake kila Alhamisi. Frère alimweleza kwamba siku hizi wasafiri wa kwao hufunga kifuani kifaa kidogo kinachotuma mlio, na wenzao huufuata mlio huo hadi walipo. Walipouliza bei, Charlotte alicheka. Basi Frère akakumbuka kwamba kabla ya vifaa hivyo, watu walijifunga kiunoni kamba nyekundu nyepesi yenye urefu wa mita kumi na tano na kuiburuta nyuma yao. Mtu akifunikwa, huenda kipande cha kamba kikabaki juu. Charlotte alikwenda sokoni siku hiyo hiyo kununua kamba ya kuanikia nguo, akaikata.

Fimbo za kutafutia alizitengeneza Tata Kalenga, mchomeleaji wa Kasulo, kwa vyuma vyembamba vya kujengea, vipande viwili vinavyounganishwa. Charlotte alimrudishia za kwanza akitaka ncha ziwe butu, maana anayetafutwa ni mtu na hatakiwi kutobolewa. Wanawake waliziita sindano. Mifuko ya kuzibebea aliishona mwenyewe.

Mazoezi yalianza Februari 2013, kila Jumamosi baada ya kazi. Mwanzoni walikuja wanawake watatu, na mmoja wao ni huyu anayesoma, ambaye aliletwa kwa kukokotwa. Wengine walisema kazi hiyo ni ya wazimamoto. Charlotte aliwajibu, "Bapompier batoke mu ville, bapite barabara ile, bafike hapa saa moja imepita. Mutu chini ya udongo hana saa moja. Pompier ni ule mwenye iko hapa."

Walijaza gunia kwa matambara, wakalivisha koti kuukuu la suti na kulizika mahali asipopajua mtafutaji. Kwa sababu ya koti, gunia liliitwa Chef, yaani mkubwa wa kazi. Jumamosi moja msimamizi halisi wa carrière, yaani machimbo, alipita, akawakuta wamejipanga bega kwa bega wakichoma udongo, akauliza wanatafuta nini. Mama mmoja akajibu bila kuinua kichwa, "Tunatafuta Chef, eko mita moja chini." Msimamizi akaondoka zake. Jumatatu aliwaletea filimbi mbili.

Alichofundisha kinajulikana kwa wote waliopita kwake. Kwanza, mmoja asimame pembeni na filimbi, macho kwenye kilima, maana kilichoshuka mara moja hushuka tena. Uliza nani alimwona wa mwisho, na weka kitambaa mahali hapo. Tafuta kuanzia hapo kwenda chini, kwa sababu udongo humbeba mtu. Sindano ikigusa kitu kinachobonyea, iache pale pale, usiichomoe. Chimba kutoka upande wa chini, mmoja mbele na wengine wakivuta udongo nyuma, na mkifika kwa mtu, uso kwanza, kisha kifua. Na kama waliofukiwa ni wawili na mikono haitoshi, anza na yule unayejua alipo.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyomgharimu.

Ijumaa tarehe 22 Novemba 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi, baada ya siku mbili za mvua, ubavu wa kilima uliteremka. Charlotte alikuwa na wanawake kumi na mmoja, mabeleshi sita na sindano nane. Waliohesabiwa kukosekana walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mama Odile, mwoshaji aliyefika kutoka Fungurume wiki tatu tu kabla. Wa pili alikuwa Elisée, kijana wa miaka ishirini, mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa akichimba juu. Odile alikuwa amefunga kamba, na mita mbili zake zilionekana juu ya udongo. Elisée hakuwa amefunga. Yeye na vijana wenzake walisema kamba inanasa miguuni.

Charlotte alitazama kilima, akatazama kamba. "Tunaanza na kamba," alisema.

Mdogo wake Huguette, aliyemwita Yaya kama tunavyowaita dada wakubwa, akamshika mkono. "Yaya, na Elisée?"

"Elisée hatujue kwenye eko. Odile tunajua. Muchimbe."

Alishika beleshi la mbele mwenyewe. Walimtoa Odile kwa dakika tisa, uso wa buluu, mdomo umejaa udongo. Wakamsafisha, akapumua, akatapika. Ndipo Charlotte alipowageukia vijana waliokuwa na Elisée na kuuliza nani alimwona wa mwisho. Waliweka kitambaa, wakajipanga mstari, wakaanza kushuka wakichoma sindano mbele ya mguu wa kushoto, katikati, mguu wa kulia, hatua mbele. Aliyekuwa akiita hatua alikuwa Charlotte, na sauti yake haikubadilika. Sindano ya Huguette ndiyo iliyogusa. Elisée alitoka dakika ya thelathini na moja. Bati la kibanda cha wachimbaji lilikuwa limemwangukia usoni na kumwachia nafasi ya hewa. Alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepondeka, na hospitalini ulikatwa chini ya goti.

Baada ya hapo Elisée hakuzungumza na mama yake kwa miezi minane, wakilala nyumba moja. Mama alimpikia, alimfunga kidonda, alimpeleka kanisani. Isipokuwa mara moja tu: siku moja ya Machi, wakiwa mezani na familia yote, Elisée alisema bila kumtazama mama yake, "Mi nilikuwa mutoto yako. Ulianza na mutu wa kupita."

"Ndiyo. Nilianza na ule mwenye niliona kamba yake."

"Na kama ningekufa?"

Charlotte alimgeukia. "Ningekulilia mupaka siku yangu ya kufa," alisema. "Lakini ningeanza na yeye."

Elisée alinyanyuka na kutoka. Familia haitaficha kwamba wako waliomwona Charlotte kuwa mama mgumu, na wako hata leo wanaomwona hivyo. Yeye hakujitetea. Mdogo wake alimkuta mara nyingi uani, amekaa na nguo ya mtu mikononi, haishoni.

Jumamosi moja ya Julai 2020 Elisée alifika kilimani kwa magongo wakati wa mazoezi, akakaa juu ya jiwe. Wanawake walikuwa wakitafuta Chef. Aliwatazama kwa kitambo, kisha akasema, "Hapana pale. Udongo haukubebe moja kwa moja, unakuzungusha. Mutafute kule, penye umekunjama." Charlotte aliwaambia wahamishe mstari. Gunia lilikuwa kule. Kuanzia wiki iliyofuata Elisée ndiye aliyeshika saa na filimbi, na amevishika mpaka leo.

Daftari la kikundi linaonyesha kwamba kuanzia 2013 mpaka 2024 walikimbilia maporomoko kumi na tisa. Watu kumi na wanne walitolewa hai. Ishirini na watatu walitolewa wakiwa wamefariki, na Charlotte alihudhuria mazishi ya kila mmoja wao.

Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu. Shinikizo la damu, ambalo hakulijali kwa muda mrefu, lilikuwa limeharibu figo. Alitibiwa Kolwezi, kisha Lubumbashi, alikosafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa miezi saba. Mwezi wa Desemba 2024 aliomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi alasiri, nyumbani kwake Kapata, Abigaël akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Ameacha mama yake mzazi, Mama Louise Mushiya, ndugu watano walio hai, watoto watatu, Elisée, Rachelle na Abigaël, na mjukuu mmoja. Familia ilipoandika orodha hii, Elisée aliomba liongezwe jina la Mama Odile, aliyeketi hapa mbele pamoja nasi. Wazee waliuliza aandikwe kama nani. Elisée alisema aandikwe kama dada yake. Basi ameandikwa hivyo: ameacha watoto wanne.

Dada, mama, mwalimu wetu, Bwana akupokee na akupe pumziko la amani.